Ubadilishaji wa bagi la rimoti kutoka mafuta hadi umeme

Ubadilishaji wa bagi la rimoti ni kazi ya kuondoa injini ndogo ya mafuta katika gari la mchezo linaloongozwa kwa mawimbi ya redio, na kuweka mahali pake mota ya umeme, kidhibiti mwendo na betri. Magurudumu, springi, difu na bodi hubaki yaleyale. Kazi yenyewe humchukua mtu mwenye bisibisi nzuri siku moja au mbili. Kinachoamua kama itafaulu ni uchaguzi wa bagi lenyewe, nao hufanyika kabla ya skrubu ya kwanza kufunguliwa.

Bagi ni gari la wazi lenye magurudumu makubwa na tumbo lililoinuka, lililokusudiwa mchanga na ardhi mbaya. Jina limetoka kwa magari mepesi ya vilima vya mchanga yaliyopata umaarufu Marekani baada ya Bruce Meyers kujenga Meyers Manx yake huko California mwaka 1964. Gari hilo nalo lilikuwa la kubadilishwa: bodi mpya ya nyuzi za kioo juu ya mitambo ya Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa kobe.

Historia

Chombo cha kwanza kuongozwa kwa redio mbele ya watu kilikuwa mashua ndogo ya Nikola Tesla, aliyoionyesha New York mwaka 1898. Magari ya kuchezea ya aina hiyo yalichelewa sana. Mwaka 1966 kampuni ya Italia, El-Gi, ilianza kuuza Ferrari 250 LM ya kipimo cha 1:12, yaani sentimita 1 ya gari dogo ikiwakilisha sentimita 12 za gari lenyewe. Tamiya ya Japani ilitoa Porsche 934 mwaka 1976, na mwaka 1979 ikaleta mabagi mawili, Rough Rider na Sand Scorcher. RC10 ya Team Associated ya Marekani ilifuata mwaka 1984. Yote haya ya Tamiya na Associated yalikuwa ya umeme, yakitumia betri za nikeli na kadimiamu.

Betri hizo zilitosha kwa gari la kipimo cha 1:10. Kwa bagi la 1:8, lenye uzito wa kilo tatu hadi nne na kuvuta kwa magurudumu yote manne, nguvu yake ilikuwa ndogo na iliisha upesi. Ndiyo sababu kipimo hicho kilitawaliwa na injini za mafuta za sentimita za ujazo 3.5, na mashindano ya dunia ya mabagi ya 1:8, yaliyoanza mwaka 1986, yalikuwa ya injini.

Hali iligeuka katikati ya miaka ya 2000, vitu viwili vilipokutana: betri za lithiamu-polima na mota zisizo na brashi. Waliotangulia kuvitia katika mabagi makubwa walikuwa mafundi wa nyumbani. Tekno RC ya Marekani ilianza kwa kuuza vifaa vya kubadilishia mabagi ya kampuni nyingine kabla ya kutengeneza bagi lake yenyewe. Baadaye viwanda vikubwa vilianza kutoa mabagi ya umeme tangu kiwandani. Kwa hiyo anayenunua bagi jipya leo hana haja ya kubadili chochote. Ubadilishaji ni kazi ya kuokoa mabagi ya zamani, na hayo bado ni mengi duniani.

Katika Afrika Mashariki mchezo huu ni wa wachache. Gari ambalo watoto wengi wamelijua ni la waya, au la boksi lenye magurudumu yaliyokatwa kutoka ndala kuukuu, na mtoto aliyewahi kulisuka gari la waya hadi likakata kona ameshaelewa nusu ya usukani wa bagi.

Kwa nini kubadili

Injini ya bagi la 1:8 haitumii petroli. Mafuta yake ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili ya kulainisha, ambamo nitromethani huwa kati ya asilimia 10 na 30. Injini haina plagi ya cheche. Ina plagi yenye waya mwembamba wa platini, na waya huo hubaki mwekundu kwa sababu methanoli huungua inapoigusa platini. Petroli haifanyi hivyo. Mtu akijaza petroli ya kituoni katika injini ya namna hii haitawaka, hata akivuta kamba kutwa nzima, na hilo ni kosa la kawaida kwa wanaorithi bagi bila maelezo.

Mafuta hayo hayauzwi katika vituo vya petroli, na kwa kuwa yanashika moto upesi hayaruhusiwi katika mizigo ya abiria wa ndege, si ya mkononi wala ya kupakia. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2021, mtu binafsi haruhusiwi kununua bila kibali mchanganyiko wenye nitromethani inayozidi asilimia 16, kwa sababu dutu hiyo inaweza kutumika kutengeneza baruti. Kwa kisiwa kama Unguja, hayo yana maana kwamba bagi zuri linaweza kukaa kabatini miaka mingi kwa kukosa chupa ya mafuta.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Methanoli ni sumu. Kiasi kidogo kikinywewa kinaweza kupofusha, na kikizidi kinaua. Pia hupenya ngozi. Mnamo Mei 2014 watu wengi walifariki katika kaunti kadhaa za Kenya, zikiwemo Embu na Kitui, kwa kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Mafuta ya mabagi mara nyingi hutiwa rangi ya kuvutia, nyekundu, bluu au ya waridi, na yakihamishiwa katika chupa ya soda mtoto hawezi kuyatofautisha na sharubati. Nyumba yenye watoto haina sababu ya kuyaweka.

Ya tatu ni unyevu. Injini iliyoachwa bila oili ya kuhifadhia baada ya kutumika hushika kutu katika beringi zake, na pistoni hukwama juu ya silinda. Katika hewa ya pwani jambo hili huenda haraka. Matokeo yake ni bagi ambalo injini imekufa lakini difu, shafti na springi zote ni nzima, na hilo hasa ndilo bagi linalofaa kubadilishwa.

Hoja hii ndiyo inayofuatwa pia kwa magari makubwa. Opibus, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2017 na kubadili jina kuwa Roam mwaka 2022, ilianza kwa kuondoa injini katika magari ya utalii ya aina ya Land Cruiser na Land Rover na kuyatia mota za umeme. Nchini Tanzania gari la utalii lililobadilishwa namna hiyo lilianza kutumika Serengeti mwaka 2018. Magari hayo huchaguliwa kwa sababu chesisi zake hudumu kuliko injini zake, na vipuri vyake hupatikana kila mahali. Anayechagua bagi anatafuta sifa hizohizo mbili.

Kuchagua bagi

Kipimo kinachofaa zaidi ni 1:8. Mabagi ya kipimo hiki yana chesisi ya bamba la alumini, difu tatu (mbele, kati na nyuma) na gia za chuma kilichokazwa kwa moto, zilizokusudiwa kuvumilia injini yenye nguvu ya farasi zaidi ya 2. Mota ya umeme ikifungwa hapo inakuta mitambo iliyo tayari kuibeba.

Magari ya mafuta ya 1:10 yana mvuto kwa sababu ni rahisi kununua, lakini mengi yana gia mbili zinazojibadili zenyewe, mikanda au shafti nyembamba, na chesisi isiyo na nafasi ya betri. Malori ya rimoti yenye giaboksi, kama Traxxas T-Maxx ya mafuta, huhitaji kwanza giaboksi ifungwe isibadili gia. Inawezekana, lakini ni kazi ya mtu aliyekwisha kubadili bagi moja.

Upande wa pili ni mabagi makubwa ya 1:5 kama HPI Baja 5B. Haya hutumia petroli ya kawaida iliyochanganywa na oili, sawa na mashine nyingi za boti zinazofungwa nyuma ya ngalawa na mashua. Mvuvi yeyote wa Unguja anajua kuchanganya. Kulibadili bagi la namna hii kuna gharama kubwa ya betri na faida ndogo, kwa kuwa shida ya mafuta haipo. Ni afadhali kuitengeneza injini yake.

Ndani ya kipimo cha 1:8, swali la kwanza la kuuliza ni kama bagi hilo lina ndugu wa umeme. Losi 8ight ina 8ight-E, Kyosho Inferno MP9 ina MP9e, Team Associated RC8 ina RC8e, XRAY XB8 ina XB8E, na Mugen MBX6 ina toleo la Eco. Panapokuwa na ndugu, kishikio cha mota, kitako cha betri na vishikio vya difu ya kati vilivyotengenezwa kwa ajili yake mara nyingi huingia katika chesisi ya mafuta kwa kutoboa matundu machache au bila kutoboa kabisa. Pasipokuwa na ndugu wala vifaa vilivyowahi kuuzwa kwa ajili ya bagi hilo, kila kipande kitabidi kibuniwe. Tofauti kati ya hali hizi mbili ni kubwa kuliko tofauti ya bagi bora na bagi la wastani. Bagi la wastani lenye vifaa ni chaguo zuri kuliko bagi la bingwa lisilo navyo.

Swali la pili ni vipuri. Mikono ya springi huvunjika, pini hupinda, gia za difu huliwa. Bagi lililouzwa kwa wingi, ambalo sehemu zake bado zinatengenezwa, linaweza kutengenezwa kwa kifurushi kidogo kinachoingia katika begi la msafiri. Jina lisilojulikana, hata likiwa jipya na linang'aa, huwa mzigo siku mkono mmoja ukivunjika. Wanunuzi wengi husahau hili kwa sababu siku ya kununua hakuna kilichovunjika.

Kisha bagi lenyewe likaguliwe kwa mkono. Injini isitiliwe maanani, kwani itaondoka. Gurudumu moja la nyuma lizungushwe huku mengine yameshikwa: mzunguko laini ni dalili njema, na mkwaruzo unaorudi kila mzunguko unaonyesha jino lililokatika ndani ya difu. Magurudumu yatikiswe kushoto na kulia ili kusikia kama beringi zimelegea. Chesisi ilazwe juu ya kipande cha kioo baada ya kuondoa magurudumu na mikono; ikicheza imepinda. Shafti za kutoka difu ya kati zitazamwe ncha zake, mahali pini inapoingia katika kikombe, kwa sababu hapo ndipo chuma huliwa kwanza, na mota ya umeme itapaumiza zaidi kwa vile nguvu yake huja yote mara moja. Skrubu zijaribiwe. Skrubu zilizoshikwa na kutu katika alumini zinaweza kumpotezea fundi siku nzima, na bagi lililochezewa ufukweni bila kuoshwa huwa nazo nyingi.

Mwisho wa ukaguzi ni hesabu ya fedha, na hapa wengi hujidanganya. Mota, kidhibiti mwendo, betri, chaja na kishikio kwa pamoja huzidi mara nyingi bei ya bagi kuukuu. Bagi lililopewa bure likiwa na difu mbovu linaweza kuwa ghali kuliko yote.

Kinachotoka na kinachoingia

Vinavyotoka ni injini, bomba la moshi, tangi, klachi, sevo ya mafuta na breki pamoja na visahani vya breki vilivyo kwenye difu ya kati. Sevo ni mota ndogo inayotii rimoti. Bagi la mafuta lina mbili, moja ya usukani na moja ya kabureta na breki. Bagi la umeme linabaki na ile ya usukani tu, kwa sababu kidhibiti mwendo hufunga breki kwa kutumia mota yenyewe.

Vinavyoingia ni mota isiyo na brashi, kwa kawaida yenye upana wa milimita 36 hadi 42 na shafti ya milimita 5, pamoja na kidhibiti mwendo kinachobeba volti za betri iliyochaguliwa. Mota huvuta gia kubwa ileile iliyovutwa na klachi. Pasipo kishikio cha dukani, fundi wa mashine ya kukereza anaweza kukitengeneza kutoka bamba la alumini la milimita 5 au 6. Matundu ya mota yawe marefu badala ya duara, ili mota iweze kusogezwa mbele na nyuma. Umbali wa gia mbili hupimwa kwa kipande cha karatasi ya daftari: karatasi ikipitishwa kati ya meno na kutoka ikiwa na mikunjo bila kuchanika, umbali ni sawa. Meno yakibanana mota hupata moto. Yakiachana, hukatika siku ileile.

Tahadhari moja hutajwa mara chache. Katika bagi la mafuta, risiva ya rimoti ilipata umeme kutoka betri yake ndogo. Vidhibiti mwendo vingi vya umeme huipa risiva umeme vyenyewe. Betri ndogo ya zamani iondolewe. Vyanzo viwili vikiunganishwa pamoja kimojawapo kinaweza kuungua.

Hesabu ya mwendo

Mota zisizo na brashi huandikwa namba inayoonyesha mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja. Mota ya 2000 ikipewa betri ya seli nne za lithiamu-polima, yenye volti 14.8, huzunguka mara 29,600 kwa dakika ikiwa haina mzigo.

Tuseme gia ndogo ya mota ina meno 13 na gia kubwa ya kati meno 46. Uwiano wake ni 46 kugawanya kwa 13, yaani 3.54. Difu ya mbele na ya nyuma zikiwa na meno 43 kwa 13, uwiano ni 3.31. Zikizidishwa, mota huzunguka mara 11.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Gurudumu basi huzunguka mara 2,530 kwa dakika. Likiwa na kipenyo cha sentimita 11.2, mzunguko mmoja ni sentimita 35.2, na mwendo ni mita 890 kwa dakika, karibu kilomita 53 kwa saa. Mwendo halisi utapungua kidogo kwa uzito na msuguano.

Bagi hilohilo likiwa na difu za meno 43 kwa 10, uwiano wote hufika 15.2 na mwendo hushuka hadi kilomita 41 hivi kwa saa, lakini mota hupoa na betri hudumu zaidi. Kwenye mchanga, ambao huvuta gari kama kilima kisichoisha, chaguo hili la pili ni bora. Anayeanza hufanya vizuri kuchukua gia ndogo yenye meno machache, kucheza dakika tano, kisha kugusa mota. Ikiwa kidole hakiwezi kukaa juu yake kwa sekunde tatu, gia ni ndefu mno.

Betri, ndege na umeme wa kisiwani

Seli moja ya lithiamu-polima ina volti 3.7 kwa wastani, 4.2 ikijaa, na isishuke chini ya 3.2 hivi. Wabadilishaji hubishana kati ya seli nne na seli sita. Sita hutoa nguvu ileile kwa ampea chache, na nyaya na mota hupata joto kidogo. Kwa karatasi, sita hushinda.

Unguja hoja hiyo hukutana na kanuni za usafiri wa anga. Betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa huruhusiwa katika begi la mkononi tu, ncha zake zikiwa zimefunikwa, na kila moja isizidi wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 inatakiwa idhini ya shirika la ndege. Wati-saa hupatikana kwa kuzidisha volti na ampea-saa. Betri ya seli nne ya ampea-saa 5 ina 14.8 mara 5, yaani wati-saa 74, na inapita. Ya seli sita ya ukubwa huohuo ina 22.2 mara 5, yaani 111, na inaweza kubaki uwanjani Dubai au Nairobi. Kwa mtu anayeagiza betri kupitia ndugu msafiri, seli nne ndizo chaguo la busara, na kidhibiti mwendo na mota vichaguliwe kufuata hapo.

Betri hiyo huendesha bagi kwa dakika 10 hadi 15. Kuijaza kwa ampea 5 huchukua saa moja hivi na huhitaji wati 84, chini ya pasi ndogo ya umeme. Ila umeme lazima uwepo. Unguja hupata umeme kutoka Tanzania Bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Ya kwanza ilianza kazi mwaka 1980 na ya pili, yenye uwezo wa megawati 100, mwaka 2013. Kati ya nyaya hizo, kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kukatika kwa muda mfupi ni jambo la kawaida. Kwa hiyo chaja inayopokea pia volti 12 ina thamani: betri ya gari ya ampea-saa 60, ikitumika nusu tu ili isiharibike, hujaza betri ya bagi mara tatu au nne, na paneli ya jua ya nyumbani inaweza kuirudishia.

Mchanga, chumvi na mahali pa kuchezea

Mbweni, kitongoji kilicho kusini mwa Mji Mkongwe karibu na uwanja wa ndege na kinachofahamika kwa magofu ya shule ya wasichana waliokombolewa utumwani, ni mfano mzuri wa mazingira ya kisiwa. Maji yakipwa ufuo hufunua mchanga mpana na tope karibu na mikoko. Nyuma yake ni ardhi ya mawe ya matumbawe. Mchanga mkavu wa juu hupenya kila beringi isiyofunikwa. Ule mgumu ulioachwa na maji punde hupendeza kuendeshea, lakini umejaa chumvi.

Mota isiyo na brashi huvumilia maji kidogo. Kinachokufa kwanza ni beringi, kisha soketi za nyaya ambazo hugeuka kijani. Betri iliyozamishwa katika maji ya bahari haifai tena hata ikionekana kavu. Baada ya kucheza, betri itolewe kwanza, bagi lisuguliwe kwa brashi, lifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba, likaushwe, na beringi zitiwe tone la oili nyepesi. Beringi za chuma kisichoshika kutu hugharimu zaidi lakini hurudisha gharama hiyo. Mawe ya matumbawe ni adui wa namna nyingine: hukata matairi na kukwaruza tumbo la chesisi, na bamba la plastiki chini yake huokoa alumini.

Usalama

Bagi la kilo 4 likienda kilomita 53 kwa saa lina nishati sawa na la kuangushwa kutoka urefu wa mita 11, yaani karibu dari ya nyumba ya ghorofa tatu Mji Mkongwe. Ufuo wa jioni huwa na watoto na wachokozaji wa pweza na chaza. Rimoti za kisasa za gigahezi 2.4 hukabidhi risiva amri ya kusimama mawasiliano yakikatika. Amri hiyo haipo mpaka iwekwe, na ijaribiwe kwa kuinua magurudumu juu na kuzima rimoti. Rimoti za zamani za megahezi 27 hazina hakika hiyo, na zikija na bagi la mafuta zibadilishwe. Bagi la mafuta likipotea mawasiliano lina nafasi ya kuzimika lenyewe. La umeme huendelea mpaka ligonge.

Betri ya lithiamu-polima iliyojazwa kupita kiasi, iliyochomwa na msumari au iliyovimba inaweza kuwaka kwa moto mkali ambao hauzimiki kwa kikombe cha maji. Ijazwe kwa chaja ya lithiamu inayosawazisha seli, juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu cha udongo, mbali na mkeka, pazia na makuti, na mtu mzima awepo. Isijazwe usiku watu wamelala. Isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Ikikaa zaidi ya siku chache ihifadhiwe ikiwa na volti 3.8 kwa kila seli, si ikiwa imejaa. Kuiacha imejaa ndiko kunakovimbisha nyingi.

Betri iliyovimba isitupwe jaani, ambako taka huchomwa moto. Iwekwe nje kwenye mchanga mkavu na imalizwe umeme kwa taa mbili za gari za volti 12 zilizounganishwa moja baada ya nyingine, mpaka zizime kabisa. Ncha zake kisha hufunikwa kwa utepe wa umeme na betri kukabidhiwa kwa anayepokea taka za vifaa vya umeme. Mafuta yaliyobaki katika tangi la injini ya zamani nayo yasimwagwe kisimani wala mferejini. Methanoli huyeyuka katika maji na haionekani.